Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ardhi: eneo lililopumzishwa lina wenyewe

Waheshimiwa, salaam.

Naandika kwenu wote mlioshika dhamana ya ardhi ya nchi hii ya Tanzania, kuanzia Waziri na Kamishna wa Ardhi, wakuu wa mikoa na wilaya, wabunge mnaopitisha sheria, maafisa ardhi wa halmashauri mpaka wenyeviti wetu wa vijiji. Naomba mnisome mpaka mwisho maana sijaja kumtukana mtu wala hakuna chama ninachokipigia debe hapa. Mimi ni mtoto wa wafugaji na wakulima wa Usukumani, na kinachoniuma ni kitu kimoja tu, ile namna mnavyoliangalia eneo la kijiji ambalo kwa macho halina nyumba, halina shamba, halina mtu, alafu mnasema hili liko wazi tumtafutie mwekezaji.

Haliko wazi. Ngoja nieleze.

Kwetu kuna ngitili. Kwa asiyejua, ngitili ni kipande cha malisho ambacho familia, au kijiji kizima, inakifunga mvua zikianza, ng'ombe haingii hata mmoja, majani yanaachwa yakue mpaka yaangushe mbegu, alafu kiangazi kikibana, mwezi wa saba wa nane huko, ndo kinafunguliwa, tena kwa upande upande, huku kukiisha ndo mnahamia kule. Na sio kila ng'ombe anaingia siku hiyo, wanatangulizwa ndama, wanaonyonyesha, waliokonda, na maksai maana mvua zikirudi ndo wanatakiwa kulima. Humohumo akina mama wanapata kuni na majani ya kuezekea, waganga wanachimba dawa, watu wanatundika mizinga. Sasa afisa akipita pale mwezi wa pili anaona nini? Majani mpaka kiunoni, vichaka, ndege, kimya. Anaandika kwenye ripoti eneo halitumiki. Wakati ukweli ni kwamba mwezi wa pili ndo eneo lile linafanya kazi kuliko mwezi mwingine wowote, maana jani lisipopata kukua na kudondosha mbegu sasa hivi hakuna kitakacholiwa mwezi wa tisa. Ni kama umkute mtu ana ghala la mtama limejaa umwambie hilo ghala hulitumii kwa sababu leo hujachota.

Na hii sio ya Wasukuma peke yao. Wamasai wana alalili, malisho ya karibu na boma yanayotunzwa kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Wabarbaig wa Hanang wana muhajega, mabonde yenye udongo mzuri na majani matamu ambayo mfugaji anayafikia kwa msimu wake kisha anaondoka anayaacha yapumue. Wakulima wengi tu wanalaza shamba misimu kadhaa udongo urudishe nguvu. Kila jamii ilijifunza hivyo kwa kuumia, kwa ukame na njaa, kwamba ukiikamua ardhi mfululizo itakukatalia, kwa hiyo wakajiwekea utaratibu na adhabu zake, anayevunja ngitili ya mwenzake anaitwa mbele ya wazee anatozwa.

Nawakumbusha Kongwa. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu watatu kuja kuangalia wapi pa kulima karanga za kutengenezea mafuta, wakamaliza kazi ya nchi nzima na za jirani ndani ya wiki tisa, sehemu kubwa wakiangalia kutoka kwenye ndege, wakaona Kongwa pana nafasi tele, watu wachache. Mwaka 1947 matrekta yakaingia. Wagogo walikuwa wanalijua eneo lile, walijua mvua zake haziaminiki na udongo wake wa mfinyanzi ukishakauka jembe halipiti, ndo maana kwa sehemu kubwa walikuwa wanachungia pale wanalima kidogokidogo. Hakuna aliyewauliza cha maana. Kufika 1951 mpango mzima umekufa, pauni milioni 36 za walipakodi wao zimefutwa kwenye vitabu, vichaka vimeshang'olewa na udongo umeachwa uchi. Na leo Kongwa kuna nini? Kuna ranchi ya taifa. Ng'ombe! Ardhi imerudi kufanya kazi ileile iliyokuwa inafanywa na wenyewe kabla hawajafika wataalamu, ila sasa wenyewe wako nje ya uzio.

Wale walikuwa wakoloni, mtasema. Sawa. Basotu je? Miaka ya 70 shirika letu la umma kwa msaada wa Kanada likaanzisha mashamba ya ngano kule Hanang, yakafika kama ekari 100,000 hivi, na yalichukua wapi? Kwenye muhajega. Kwenye macho ya mpangaji yale mabonde yalikuwa tupu kwa sababu alipofika Wabarbaig walikuwa wamehamia malisho mengine kwa msimu ule, ndo utaratibu wao wenyewe wa kuyatunza. Mtu anaweza kusema ekari hizo ni kipande tu cha wilaya, wangebana kwingine, lakini ukimnyang'anya mfugaji yale malisho mazuri ya msimu mmoja umemvurugia mwaka mzima, maana sasa ng'ombe wanabaki palepale palipotakiwa kupumzika, majani yanaisha, korongo zinafunguka, alafu tunakuja kuwaambia nyie wafugaji ndo waharibifu wa mazingira. Na kuna jambo ambalo kila nikilifikiria nakosa raha, makaburi. Wabarbaig wanawajengea wazee wao wa heshima vilima vya kaburi, bung'eda, watu wanarudi pale vizazi na vizazi kuomba na kukumbuka. Baadhi ya hivyo vilima vililimwa na trekta. Jamani. Fidia ya kaburi la babu inakaa kwenye safu gani ya fomu?

Wakaenda mahakamani, kijiji cha Mulbadaw na wenzao, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, ila rufaa ikaja kulitupa lile shauri, na moja ya hoja ilikuwa kwamba ushahidi haukutosha kuonyesha kuwa wote waliodai ni wenyeji wenye haki ya kimila. Watu ambao bung'eda za wazee wao ziko palepale.

Basi ndo ikaja Tume ya Rais ya 1991 ya kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, wakazunguka mikoani wakasikiliza wananchi, wakapendekeza kwamba ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji wenyewe. Serikali hilo haikulikubali, ardhi yote ikabaki ya umma na Rais mdhamini, na mwaka 1999 zikatungwa sheria mbili, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Nitasema ukweli, ile ya vijiji ina mambo mazuri sana, ningependa kila mtu kijijini aijue. Inatambua haki ya kimila kuwa na nguvu sawa na hati ya serikali. Inamtambua mwanamke sawa na mwanaume. Na kifungu cha 12 kinagawa ardhi ya kijiji kwenye mafungu, kuna ya mtu na familia, kuna ya matumizi ya pamoja ya wanakijiji wote, na kuna ya akiba ambayo kijiji kitakuja kuwagawia watu wake baadae. Yani sheria yenyewe inajua kwamba kuna ardhi haina nyumba wala shamba leo na bado ni ya watu, kuanzia malisho ya pamoja mpaka akiba ya watoto ambao hawajaoa.

Sasa fungua sheria ya pili, hiyo namba 4, sehemu inayoeleza ardhi ya jumla ni ipi. Inasema ni ardhi ya umma ambayo sio ya hifadhi wala ya kijiji, pangeishia hapo hakuna ugomvi, ila ikaongezewa kwamba inajumuisha na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya vijiji yenyewe haina nyongeza hiyo. Mmeona? Sheria mbili za mwaka mmoja, moja inasema akiba na malisho ya pamoja ni ya kijiji, nyingine inaacha mlango wazi kwamba kama haikaliwi na haitumiki basi inaweza kuhesabika ni ya jumla, na ardhi ya jumla iko chini ya Kamishna, kijiji hakina sauti tena. Na nani anaamua kwamba haitumiki? Ndo yuleyule aliyepita mwezi wa pili akaona majani.

Ombi langu la kwanza liko hapo na nalisema waziwazi: wabunge na wizara, yafuteni hayo maneno. Ni maneno machache, hayana gharama ya bajeti. Ardhi ya kijiji ibaki ya kijiji, inayolimwa, inayochungiwa, inayopumzishwa na ya akiba.

La pili ni huko kuhamisha. Kwa sheria mgeni hamiliki ardhi ya kijiji, kwa hiyo akija mwekezaji wa nje anayetaka shamba kubwa lazima ardhi ihamishwe kwanza iwe ya jumla ndo apewe kupitia mamlaka ya uwekezaji ya serikali. Ikiwa hekta 250 au pungufu mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubali au kukataa, ikizidi 250 kijiji kinatoa maoni na Waziri ndo anaamua. Hii kwangu imekaa kinyume kabisa, eneo dogo kijiji kina uamuzi, eneo kubwa ambalo likienda kijiji kimekwisha ndo kinabaki na maoni.

Alafu mradi ukifa? Kisarawe mnaikumbuka. Zaidi ya hekta 8,000 za vijiji zikapewa kampuni ya kulima mibono ya mafuta ya magari mwaka 2009, watu wakaahidiwa visima, zahanati, shule, ajira, na mengi yalibaki ya mdomo. Mwaka 2011 kampuni ikafunga kazi. Ardhi haikurudi kijijini, maana ilishavuka kwenda upande wa pili na hakuna njia ya kuirudisha yenyewe, ikabaki kuwa mali inayoweza kupita kwa kampuni nyingine huku watu walioitoa wakizuiwa kuingia kuchota maji na kuokota kuni walikozoea. Kilwa nako hadithi inafanana, hekta 34,000, mibono hiyohiyo, kampuni ikafilisika 2010. Kwa mtu wa mjini anaweza kuona ni biashara imekosea hesabu, inatokea. Lakini mwekezaji akishindwa anapanda ndege, mwanakijiji hana pa kupanda. Kwa hiyo naomba iandikwe kwenye sheria kwamba mradi ukifa au eneo lisipoendelezwa ardhi inarudi kwa kijiji kilichoitoa, bila kijiji kuanza kuomba upya na kufukuzana na mafaili. Na bora zaidi kijiji kikodishe kwa muda kibaki na ardhi yake, kuliko kuihamisha moja kwa moja.

Najua jibu mtakalonipa maana tumelisikia sana, mifugo imezidi, ardhi ya pamoja haina mwenyewe, kila mtu anaingiza ng'ombe mpaka inakuwa vumbi. Sikatai kwamba yapo maeneo yameisha hivyo. Kondoa hali ilifika pabaya mpaka mwaka 1979 serikali ikatoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka, na kweli majani yalirudi, japo wenye ng'ombe walilipa gharama ambayo sijui kama tulishawahi kuihesabu vizuri. Lakini angalieni vumbi huwa linaanzia wapi. Usukumani serikali ya kikoloni iliwafyekesha watu misitu kuua mbung'o, ikaja pamba ikala nchi, ikaja Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 70, watu wakahamishwa wakaacha ngitili zao kule walikotoka. Ngitili ikishakuwa mbali na mwenyewe nani ataifunga, nani atamtoza aliyeivunja? Ikawa ya wote na ya hakuna. Kufika miaka ya 80 Shinyanga watu wanaiita jangwa, na ilikuwa inafanania.

Na tiba ilitoka wapi? Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichowapa akili wale wataalamu, nawapongeza mpaka leo, ni kwamba badala ya kung'ang'ania kupanda miche ya kigeni tu walirudi kwa wazee wakauliza nyie zamani mlifanyaje. Wakajibiwa ngitili. Basi watu wakarudishiwa nguvu ya kufunga maeneo yao, wakatumia sheria ndogo za kijiji, sungusungu wakalinda, mikutano ya dagashida, mabaraza ya jadi ya Wasukuma, ikatoza wavunjaji. Sehemu nyingi hata mti haukupandwa, visiki na mizizi ilikuwa hai chini, ilisubiri kupumzishwa tu. Mradi unaisha 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili kwenye vijiji zaidi ya 800 vya mkoa ule, Shinyanga ile ya zamani kabla Simiyu haijakatwa. Hekta laki tatu kwa watu kufunga na kungoja! Sasa hizo ngitili mvua zikinyesha zinaonekanaje kutoka angani? Zinaonekana hazina mtu. Ndo maana naogopa, maana kitu kilichoiokoa ardhi ndicho kinachoifanya ionekane inafaa kugawiwa.

Kingine ambacho kimeshafanyiwa kazi na kinahitaji nyie mkikuze, ni hati za kimila za makundi. Tumezoea hati ya mtu mmoja mmoja, na nyingi ya pesa za upimaji zinaenda huko, mnatuambia ukipata hati utakopa benki. Sawa kwa shamba la mahindi. Ila malisho ukiyakata vipande ekari tano tano umeyaua, maana mvua inanyesha huku leo kule kesho na ng'ombe lazima wafuate. Wahadza wa bonde la Yaeda kule Mbulu mwaka 2011 walipata hati ya kimila kama kundi, jamii nzima kwa pamoja, watu wanaoishi kwa kurina asali, kuchimba mizizi na kuwinda, ambao kwa kipimo cha "nani analima hapa" walikuwa hawapo kabisa kwenye nchi yao. Baadae wafugaji wa kaskazini nao wakafuata njia hiyohiyo, na kwa kazi hiyo Edward Loure akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman mwaka 2016, zaidi ya ekari 200,000 zikiwa zimeshalindwa. Kumbe inawezekana ndani ya sheria zetu hizihizi. Kwanini kila halmashauri yenye wafugaji isiwe na bajeti ya hati za makundi, ngitili zikaandikwa, alalili zikaandikwa, mapito ya ng'ombe na ya maji yakaandikwa, na majina ya wanawake yakiwemo maana wao ndo wanaingia humo kila siku kwa kuni na maji?

Na wenyeviti wa vijiji, sijawasahau, maana mengine tunayafanya wenyewe kwa wenyewe. Mkutano mkuu ni watu wote wa kijiji wenye miaka 18 kwenda juu, na unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Kuna vijiji mkutano unasikika siku mgeni amekuja na gari, karatasi za mahudhurio zinazunguka, watu wanasaini wakidhani ni posho, kesho yake ile saini imekuwa kibali cha ardhi. Wengine mkutano unaitishwa wakati vijana wote wamehamia na mifugo, waliobaki ni wazee na watoto, alafu muhtasari unaandikwa kijiji kimeridhia. Hilo halihitaji sheria mpya, linahitaji mkuu wa wilaya asipokee muhtasari wa namna hiyo. Jambo la ardhi ya malisho lijadiliwe wenye mifugo wakiwa nyumbani, litangazwe mapema mpaka vitongojini, ramani ibandikwe, mipaka itembewe kwa miguu na wazee wanaoijua, watu wapewe muda wa kwenda kulala na hilo jambo warudi mkutano wa pili ndo wapige kura.

Mkifika kukagua eneo, naomba mfike mara mbili. Fikeni masika, alafu mrudi kiangazi mwezi wa tisa, jua likiwa kali na kila mahali pameungua, mtawakuta watu wote wako humo na ng'ombe wao. Mkiona hivyo andikeni mlichokiona.

Nawasilisha.